Mhandisi wa uzamifu apimwe kwa kina, si kwa karatasi pekee

Kila msimu wa mahafali unapowadia katika vyuo vikuu vyetu, umma huikodolea macho orodha ya waliotunukiwa shahada ya uzamifu. Majina huhesabiwa, na hesabu hiyo huzua ama fahari ama mashaka. Mwezi wa Juni mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kiliwatunuku watu 118 shahada hiyo katika mahafali ya siku moja, wengi wao wakitoka upande wa masomo ya biashara na usimamizi wa rasilimali-watu. Kelele zilizofuata hazikuwa haba, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingilia kati kuchunguza jinsi wanafunzi hao walivyosajiliwa, walivyosimamiwa na walivyotahiniwa. Wengi waliuliza iwapo idadi hiyo haikuwa kubwa kupita kiasi. Ni wachache waliouliza swali ambalo mimi naliona kuwa zito zaidi: katika chuo ambacho jina lake lenyewe lataja teknolojia, kwa nini wahandisi wasiwe ndio wengi?

Msomaji mpendwa huenda akastaajabu kumwona mwanaisimu akijitoma katika uwanja wa wahandisi. Nina sababu mbili. Kwanza, masharti ya kusajiliwa na ya kuhitimu ni matini, na kazi yangu ya kila siku ni kuyachunguza maneno na kuuliza yanatenda nini. Pili, mimi hufundisha mjini Kisumu, na mtaa wa Nyalenda hauko mbali nami. Nitakayoyasema kuhusu maji, matope na vyoo si mambo niliyoyasoma vitabuni pekee.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Mhandisi ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na wataalamu wa asili za maneno hulifuatilia hadi katika Kiajemi cha kale, ambako mzizi wake ulikuwa na maana ya kupima au kipimo. Mhandisi, basi, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa kupima. Ama neno uzamifu, ambalo wengine huliandika uzamivu, linatokana na kitenzi zama. Aliyeliunda alikusudia kusema kwamba mwenye shahada hii ameshuka hadi kwenye kina cha taaluma yake. Lakini Kiswahili hutofautisha kati ya kuzama na kuzamia. Azamiaye huingia majini kwa hiari, akijua anachokitafuta na jinsi atakavyorudi juu. Azamaye huenda akafa maji. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba masharti yetu ya uzamifu wa uhandisi, jinsi yalivyo sasa, yanawazamisha wengi waliostahili kuzamia.

Masharti yenyewe

Kwa faida ya wanafunzi ambao hawajaufikia mlango huo, yafaa tueleze unavyofunguliwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ndiyo iliyoiunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, nayo Tume ikatoa viwango na miongozo yake mwaka 2014. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu, ambao huiweka shahada ya uzamifu katika ngazi ya 10, yaani kileleni. Kwa kawaida, mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza na ya uzamili katika fani inayohusiana na ile anayotaka kuisomea. Huandika maelezo mafupi ya utafiti anaokusudia. Akikubaliwa, hutarajiwa kutumia muda usiopungua miaka 3, alitetee pendekezo lake mbele ya jopo, apate kibali cha utafiti kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, achapishe angalau makala 2 katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu, kisha aandike tasnifu itakayosomwa na watahini wa ndani na wa nje, na hatimaye aitetee kwa mdomo. Msimamizi naye ana mipaka yake: hatakiwi kuwasimamia zaidi ya wanafunzi 3 wa uzamifu kwa wakati mmoja.

Hakuna hata moja kati ya masharti haya lililo la kipuuzi. Kila moja liliwekwa ili kuziba ufa fulani uliokuwa umeonekana. Tatizo ni kwamba yameandikwa kana kwamba taaluma zote ni sawa. Mwanafunzi wangu wa isimu akiwa na kinasa sauti, daftari na nauli ya matatu anaweza kukusanya data ya tasnifu nzima. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji anahitaji maabara, vipimo, kemikali, mashine za kupimia mtiririko, na pengine misimu 2 au 3 ya mvua ili matokeo yake yaaminike. Huyu na yule wamepewa miaka ileile, na aghalabu fedha zilezile, yaani hakuna.

Walivyofanya wengine

Tusidhani kwamba masharti ya uzamifu yalishuka kutoka mbinguni. Yalitungwa na watu, na kila nchi iliyatunga kulingana na haja yake. Nchini Marekani, mmoja wa watu wa kwanza kutunukiwa uzamifu wa uhandisi alikuwa Josiah Willard Gibbs, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1863. Tasnifu yake ilihusu umbo la meno ya magurudumu ya mashine. Huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wanasayansi wakuu wa karne ile, lakini aliingilia mlango wa meno ya chuma.

Nchini Ujerumani vyuo vya ufundi vilipigania kwa miaka mingi haki ya kutoa shahada hii, huku vyuo vikuu vya kale vikipinga vikali kwa hoja kwamba ufundi si elimu. Mwaka 1899 Mfalme Wilhelm II alivipa vyuo vya ufundi vya Prussia haki hiyo. Hata hivyo, wahandisi walipewa jina la shahada lililo la Kijerumani, badala ya lile la Kilatini lililotumiwa na vyuo vya kale. Lililokusudiwa kuwatenga likageuka kuwa fahari yao, na hadi leo wahandisi wa Kijerumani hujivunia kuliandika jina hilo mbele ya majina yao. Huko, mwanafunzi wa uzamifu wa uhandisi aghalabu huajiriwa na chuo au taasisi ya utafiti na kulipwa mshahara. Hahesabiwi kuwa mtu anayenunua elimu bali mfanyakazi anayeizalisha.

Waingereza walichelewa. Shahada ya uzamifu ya mtindo tuujuao ilianza kwao mwaka 1917, na ndio mtindo tuliourithi: tasnifu moja nene, msimamizi, na mtahini. Lakini wao wenyewe, walipoona kwamba viwanda vyao havifaidiki vya kutosha, walianzisha mwaka 1992 shahada nyingine ya uzamifu wa uhandisi ambayo mwanafunzi huisomea kwa miaka 4, akitumia sehemu kubwa ya muda huo kiwandani akishughulikia tatizo halisi la kampuni. Wamarekani nao huwachukua wanafunzi wengi moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, kisha huwapitisha katika masomo ya darasani na mtihani mgumu wa kupima kama wanaweza kuendelea. Mlango wao ni mpana, lakini ukumbini kuna mchujo.

Kwa ufupi, waliotutangulia waliyarekebisha masharti kila haja ilipowabana. Sisi tulipokea vazi la wengine na tumebaki kulishikilia, hata linapotubana makwapani.

Mlango uliofungwa na mlango ulio wazi

Miezi kadhaa iliyopita alinijia mhandisi mmoja, mkazi wa Nyalenda, aniangalizie Kiingereza cha maelezo yake ya utafiti. Ana shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi, ambayo hapa kwetu huchukua miaka 5, na amefanya kazi ya kulaza mabomba ya maji kwa miaka 7. Alitaka kuchunguza jinsi maji yanayotoka katika vyoo vya shimo yanavyosafiri ardhini hadi kwenye visima vifupi wakati wa masika. Kilichonivutia hakikuwa Kiingereza chake, bali daftari alilokuja nalo. Kwa miaka 2 alikuwa amepima kila wiki kimo cha maji katika visima 11 vya majirani zake, kwa kamba na jiwe, na kuandika tarehe na hali ya mvua.

Chuo alichoomba kilimkataa. Sababu iliandikwa kwa sentensi moja: shahada yake ya uzamili haikuwa ya fani husika. Na kweli haikuwa. Alikuwa amesomea usimamizi wa miradi, kwa kuwa madarasa ya jioni ya somo hilo yalikuwa hatua chache kutoka kazini kwake, ilhali uzamili wa uhandisi ungemtaka aache kazi na kukaa mbali na jamaa yake kwa miaka 2, mchana kutwa maabarani.

“Mwalimu,” aliniambia, “wameniambia nirudi nyuma nianze uzamili upya. Au nikitaka, nijisajili katika uzamifu wa usimamizi. Huko wananipokea hata kesho.”

“Na daftari lako la visima?” nikamwuliza.

“Huko watataka hojaji, Mwalimu. Hawataki kamba na jiwe.”

Ndugu msomaji, nilipoyasikia maneno hayo niliielewa ile hesabu ya mwaka 2019 kwa namna ambayo sikuwa nimeielewa awali. Tunalalamika kwamba madaktari wa usimamizi ni wengi na wa uhandisi ni wachache, kana kwamba vijana wetu wanapenda hojaji kuliko mabomba. Sivyo. Mlango mmoja umeachwa wazi kwa sababu ni wa bei nafuu kuuendesha, nao mwingine umefungwa kwa sababu ni ghali. Mto hufuata bonde. Mhandisi anayekataliwa upande wa uhandisi hapotei. Hutokea upande wa pili akiwa daktari wa usimamizi, na daftari lake la visima hubaki kabatini.

Nisieleweke vibaya. Jopo lililomkataa halikukosea kwa mujibu wa kanuni. Anayetaka kueleza mwendo wa maji ndani ya udongo hana budi kuzijua hesabu zake, na uzamili wa usimamizi haufundishi hesabu hizo. Kumwingiza hivihivi kungekuwa kumzamisha. Swali ni kama kati ya kumkataa na kumzamisha hakuna njia ya tatu. Wamarekani wanayo. Mwaka mmoja wa masomo mazito ya hisabati, ya mitiririko na ya udongo, ukifuatwa na mtihani usio na huruma, ungetosha kuonyesha kama mtu huyu ni mzamiaji au la.

Fauka ya hayo, mhandisi wa Kenya anavutwa na kamba mbili. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi, na mtu hasajiliwi kuwa mhandisi kamili mpaka awe na tajiriba ya kazi isiyopungua miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Tujumlishe: miaka 5 ya shahada ya kwanza, 3 ya tajiriba, 2 ya uzamili na 3 ya uzamifu. Hiyo ni miaka 13, kama hapatatokea mgomo, ugonjwa wala ukosefu wa karo. Aliyeingia chuoni akiwa na miaka 19 atatoka akiwa na miaka 32 kwa uchache, naye tayari ana watoto wa kulisha. Chuo hakiihesabu tajiriba yake ya kazini, nayo bodi haiko pale kumfundisha utafiti. Tunajua pia yanayowapata wanafunzi vyombo hivi viwili visiposikilizana: wahitimu wa uhandisi zaidi ya 100 wa vyuo vyetu vya umma, waliokataliwa usajili, walilazimika kulifikisha shauri lao hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu yake mwaka 2018. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Nyalenda ni maabara

Wako watakaosema kwamba tatizo la yule bwana ni dogo mno kwa shahada kubwa. Nawaalika waje Nyalenda. Mtaa huu umelala kusini mwa jiji la Kisumu, katika nyanda za chini zinazoelekea ziwani, na Mto Auji unaupitia. Udongo wake ni ule mweusi unaofura uloapo na kupasuka ukaukapo. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa nchi, hivi kwamba choo cha shimo kikichimbwa hukutana na maji upesi, na kisima huchimbwa kwa jembe tu. Choo na kisima hutenganishwa kwa hatua chache. Masika yakija, maji ya juu na ya chini huwa kitu kimoja.

Kando ya mtaa huohuo yako mabwawa ya kusafishia majitaka, moja ya mitambo miwili inayohudumia jiji. Mwingine ni ule wa Kisat. Maji yatokayo katika mitambo hiyo huishia katika Ghuba ya Winam, na ni kutoka ghuba iyo hiyo ambapo mtambo wa Dunga huchota maji ya kusafishwa na kurudishwa mabombani. Mkazi wa Nyalenda, basi, huishi kati ya bwawa la majitaka na chanzo cha maji ya kunywa. Mwaka 2020 ziwa lilifura hadi likapita hata kimo cha mwaka 1964, na ufuo wa Dunga ukafunikwa. Waliokuwa wakihesabu hatua kati ya choo na kisima ghafla hawakuwa na la kuhesabu.

Na tusisahau kwamba Nyalenda si mtaa wa kulia tu. Ni hapa ambapo katika miaka ya 2000 ulijaribiwa mtindo ambao kampuni ya maji ya Kisumu huwauzia wasimamizi wa mitaani maji kwa jumla, nao huyasambaza kwa nyumba na vioski. Wataalamu wamekuja kutoka mbali kuusoma mtindo huo. Basi swali la yule mhandisi si dogo. Kujua ni umbali gani unaotosha kati ya choo na kisima katika udongo kama huu, na katika msimu upi, ni jambo linalohusu watoto wanaougua kuhara, na linalohusu miji mingi iliyo kandokando ya ziwa, kuanzia Homa Bay hadi Mwanza. Ikiwa hilo halistahili uzamifu, sijui tunazamia nini.

Mapendekezo

Nikiwa mgeni katika nyumba ya wahandisi, nitayasema haya kwa unyenyekevu, lakini nitayasema.

La kwanza, pawepo mwaka wa daraja. Mhandisi mwenye tajiriba inayothibitishwa, na ambaye uzamili wake ni wa fani jirani, apokelewe kwa masharti: asome masomo ya msingi aliyoyakosa na afanye mtihani wa kufuzu. Akishindwa, atoke bila lawama. Kiwango kitakuwa kimebaki palepale. Kilichobadilika ni mahali pa kupimia.

La pili, kazi ya mhandisi ihesabiwe kwa lugha ya kihandisi. Sharti la makala 2 ni zuri kwa kuwa humlazimisha mwanafunzi kuwakabili wahakiki wasiomjua. Lakini sharti hilohilo limezaa soko la majarida ya kulipia, ambayo huchapisha chochote mradi ada imelipwa. Kwa nini makala moja iliyo katika jarida lenye hadhi, pamoja na hataza iliyosajiliwa au mtambo uliojengwa, ukapimwa na kuthibitishwa na wahandisi waliosajiliwa, visilingane na makala 2 za kubahatisha?

La tatu, wasimamizi. Mpaka wa wanafunzi 3 ni wa busara, na uchunguzi wa mwaka 2019 ulitukumbusha kwa nini uliwekwa. Lakini pale ambapo maprofesa wa uhandisi ni wachache, mpaka huo humaanisha kwamba nafasi ni za kuhesabika kwa vidole. Dawa si kuuvunja, bali ni kushirikiana. Msimamizi mmoja atoke chuoni na mwingine atoke katika kampuni ya maji, idara ya barabara au chuo jirani. Tayari mifano iko. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyoko Juja huwapokea wanafunzi wa uhandisi kutoka bara zima kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, yenye kituo cha umahiri katika miundombinu ya maji na nishati. Wanafunzi wanaosoma makala haya wasiache kuziulizia nafasi hizo, ingawa ni chache.

La nne ni fedha. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 ilikusudia asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Lengo hilo halijafikiwa. Maadamu halijafikiwa, uzamifu wa uhandisi utaendelea kuwa wa wale wanaofadhiliwa na nchi za nje, na mwenye kulipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo.

Tasnifu izungumze na mtaa

La tano ndilo lililo karibu zaidi na taaluma yangu. Ningependa iwe sharti la kuhitimu kwamba kila tasnifu ya uzamifu wa uhandisi nchini iambatane na muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa 10 hivi, ulioandikwa kwa namna ambayo mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa mabomba na mwenyekiti wa kikundi cha maji wanaweza kuusoma na kuuelewa.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini katika tasnifu za uhandisi lugha hii rasmi haionekani hata katika ukurasa wa shukrani. Wakazi wa Nyalenda wamehojiwa mara nyingi. Visima vyao vimechotwa sampuli, vyoo vyao vimepigwa picha, watoto wao wamepimwa. Wengi hawajawahi kuambiwa kilichopatikana. Tasnifu hulazwa katika rafu, katika lugha ambayo mama anayechota maji haisomi, na makala yake huchapishwa mbali, mahali ambapo hata chuo chetu hulipia kuyasoma. Hili si suala la adabu tu. Ni suala la uhandisi wenyewe, kwa sababu kipimo ambacho hakimfikii mwenye kisima hakijamaliza kazi yake.

Nchini Uholanzi, ambako tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ni desturi ya miaka mingi kuambatanisha muhtasari wa Kiholanzi. Hakuna aliyesema kwamba muhtasari huo umeshusha hadhi ya wahandisi wao. Wao, ambao nusu ya nchi yao inapigana na maji kila siku, wanajua kwamba elimu ya maji ni ya watu wote.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa uhandisi. Nawajibu kwamba msamiati haungoji kuzaliwa ndipo utumike. Hutumiwa, na kwa kutumiwa huzaliwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, jambo ambalo vizazi vilivyotangulia vingeliona kuwa ndoto. Maneno kama majitaka, mtiririko, kanieneo na msukumo yako tayari. Mafundi wetu wa mtaani nao wana majina ya kila kiungio cha bomba, majina ambayo hakuna mwanaisimu aliyewaundia. Mwanafunzi wa uzamifu asiyeweza kuyaeleza matokeo yake bila ya kujificha nyuma ya istilahi za kigeni huenda hajayaelewa vilivyo.

Wengine watasema kwamba tunawaongezea mzigo wanafunzi waliokwisha lemewa. Ni kweli kwamba kurasa 10 ni kazi. Lakini mwanafunzi aliyeandika kurasa 250 hatashindwa na 10, na idara za Kiswahili zilizoko katika vyuo vyetu zina wahitimu wa kutosha wa kumsaidia kuhariri. Huenda hapo ndipo wanaisimu na wahandisi watakapofahamiana hatimaye, baada ya kukaa miaka mingi katika chuo kimoja bila kujuana.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Walimu wenzangu wa shule za upili, ninyi ndio mnaomwona mhandisi kabla ya yeye mwenyewe kujijua. Ni yule mwanafunzi anayepima kina cha mtaro kwa fimbo bila kuagizwa. Mwambieni mapema kwamba njia ni ndefu, na kwamba asiharakishe kuchukua shahada ya uzamili iliyo karibu na kituo cha matatu kwa sababu tu iko karibu. Uamuzi huo, unaoonekana kuwa mdogo, ndio utakaomfungulia au kumfungia mlango miaka 10 baadaye.

Nanyi wanafunzi mnaokusudia uzamifu wa uhandisi, msianze kwa kuuliza ni makala mangapi yanatakiwa. Anzeni kwa kuuliza ni tatizo gani mnaloweza kulikaa nalo kwa miaka 5 bila kulichoka. Someni masharti ya chuo kabla ya kulipa ada ya maombi. Ulizeni ni nani atakayewasimamia, ana wanafunzi wangapi, na maabara yake ina nini. Anzeni kupima sasa, hata kama mnachomiliki ni kamba na jiwe.

Ama wale walio na mamlaka ya kuyaandika masharti, katika Tume, katika Bodi na katika seneti za vyuo, nawaomba waketi meza moja. Wasipunguze uzito wa shahada hii hata kwa ratili moja. Wauhamishe tu uzito huo kutoka kwenye karatasi ziletwazo mlangoni hadi kwenye kazi ifanywayo ndani. Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Masika yajayo visima vya Nyalenda vitajaa tena, na mpaka sasa yumo mtu mmoja tu anayevipima.